Redio Koli: Wati Tano Zako Zinaishia Wapi?

Kuchele wadau. Mwezi huu maswali ya redio koli yamekuja mengi kweli, nadhani ni huu msimu wa korosho, watu wamenunua za kuwasiliana shambani alafu zimewagomea. Yanayofanana nimeyaunganisha, barua ndefu nimezikata, na majina tumeyatoa kama mlivyoomba.

Habari fundi. Mimi na kaka yangu tulinunua redio koli pea moja Mtwara mjini, boksi limeandikwa kilomita 10. Shamba letu la korosho liko huku Tandahimba, kutoka nyumbani mpaka mwisho wa shamba haifiki hata kilomita tatu lakini nikiingia kibondeni tu anaanza kukatika, nikifika katikati ya mikorosho hamna kitu kabisa. Muuzaji anasema turudishe tuongeze hela tuchukue za wati 8. Tuongeze au anatupiga? (Mdau, Tandahimba)

Msiongeze hata mia kaka. Hiyo kilomita 10 ipo, ila ipo baharini.

Iko hivi, redio hizi za mkononi ni za VHF au UHF, ni makundi mawili ya masafa yaani frikwensi, na mawimbi yake yanaenda yamenyooka, kikikaa kilima katikati ndo basi tena, hayapandi wala hayazunguki sana. Hesabu yake ya haraka haraka ni hii, chukua urefu wa antena kutoka ardhini kwa mita, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 4, unapata kilomita mpaka upeo wa redio yako. Umeishika usoni ni mita 1.5, kipeuo chake kama 1.2, mara 4 ni karibu kilomita 5. Mwenzako nae ana 5 zake, jumla 10. Hiyo ndo ya kwenye boksi, we umesimama ufukweni Msimbati na yeye yuko kwenye mashua, katikati yenu maji matupu. Sasa nyie mmoja yuko bondeni, katikati kuna mgongo wa ardhi na mistari na mistari ya mikorosho, mnategemea nini.

Na wati ndo usiseme. Ili umbali uzidi mara mbili sehemu ya wazi inabidi wati ziwe mara nne, yaani utoke 5 uende 20. Kutoka 5 kwenda 8 ni desibeli 2 tu, sikio lako halitajua tofauti, ila mfuko utajua, na betri itaisha mapema. Mi huwa nashangaa mtu anauliza wati kabla hajauliza kitu kingine chochote, wauzaji wameshatujulia hapo.

Mikorosho yenyewe nayo ina kesi. Majani yake ni mazito, mwaka mzima yapo, na yakilowa mvua yanameza mawimbi, UHF inamezwa zaidi kuliko VHF. Geuza redio usome nyuma ya betri au kwenye kikaratasi chake, ikiandikwa 400 mpaka 470 (ni megahezi, kipimo cha masafa) hiyo ni UHF, ikiandikwa 136 mpaka 174 hiyo ni VHF. Kama zenu zina zote mbili basi huko shambani kaeni VHF, UHF ni nzuri zaidi mjini ndani ya majengo maana inapenya kwenye madirisha na korido. Masafa yenyewe ya kutumia nimeyaongelea huko chini kwenye swali la leseni, msiruke.

Alafu mnazishikaje? Watu wengi wanaongea redio wameilaza mdomoni kama wanakula muhindi, antena inaangalia pembeni. Isimamishe, antena juu, na mwenzako hivyo hivyo, mmoja akilaza na mwingine akasimamisha mnapoteza sana. Usiongee ikiwa kiunoni, mwili wa mtu ni maji na maji yanameza. Itoe, inyanyue, mdomo uwe mbali kidogo kama vidole vitatu, bonyeza kitufe, subiri sekunde moja ndo useme. Wengi wanabonyeza na kuongea kwa pamoja, neno la kwanza linaliwa, mtu anasema "usije" mwenzake anasikia "je".

Kitu cha bure cha kujaribu leo leo, tafuta waya mwembamba wa umeme, kwa VHF kata sentimita 48, kwa UHF kata kama 16. Menya ncha, fungua antena, zungushia ile ncha kwenye chuma cha nje pale antena inapofungwa, usiguse kile kipini cha katikati, rudisha antena ikaze waya, acha uning'inie chini. Redio ya mkononi inakosa ardhi ya antena, yaani ile nusu yake ya pili, inatumia mkono wako, huo waya unaipa. Ni sehemu ndogo ya faida lakini haina gharama, na ukiwa ukingoni mwa mawasiliano hiyo ndo inaamua mtu anasikika au hasikiki.

Dawa yenyewe ni kwenda juu. Wa nyumbani akisimamisha mlingoti wa mwanzi wa mita 9, kipeuo cha 9 ni 3, mara 4 ni 12, ongeza 5 za wa shambani unafika 17. Ila hapa watu wanajiumiza, wananunua waya wa antena RG-58 kwa sababu ni bei rahisi wanavuta mita 30 mpaka sebuleni. Kwenye UHF urefu huo wa RG-58 unakula zaidi ya tisa ya kumi ya nguvu, umetuma wati 5 chini juu inafika kama nusu wati. Kwahiyo waya uwe mfupi au mnene, na kama huwezi vyote basi kaka yako apande kichuguu na redio yake, sitanii. Waliowahi kusimama Shimo la Mungu pale Newala wanajua nachosema, pale ukingoni redio ya kawaida kabisa inamwagika bonde zima la Ruvuma.

Mkiamua kununua antena ndefu zaidi hakikisheni tundu lake, redio nyingi hizi za kichina zina kipini upande wa redio kwahiyo antena inatakiwa iwe SMA ya tundu, za SMA kipini hazitafunga. Zile za mtindo wa NA-771 ndefu kama sentimita 39 ni nzuri ila feki zimejaa mno sokoni. Na kamwe usibonyeze kitufe cha kuongea wakati antena haipo, nguvu inarudi ndani inaua transista ya mwisho.

Fundi mi nina redio mbili, moja ya zamani nyingine nimenunua juzi aina tofauti. Zote nimeweka chaneli 5 lakini hazisikilizani kabisa. Cha ajabu nikiongea kwenye moja ile nyingine taa ya kijani inawaka ila kimya. Mbovu ipi? (Fundi simu, Masasi)

Hamna mbovu hapo mdogo wangu, na hiyo taa ya kijani umeiona vizuri, imeshakupa jibu.

Kwanza namba ya chaneli haina maana yoyote nje ya redio hiyo hiyo. Chaneli 5 ni jina tu la kumbukumbu ya tano, kiwanda kimoja kimeweka masafa haya kingine kimeweka mengine. Lakini kwako we taa inawaka, maana yake masafa yamelingana, pengine kwa bahati, kilichokataa ni toni. Redio ikituma inaweza kuchanganya na sauti yako mlio mzito ambao spika hautoi, uko kati ya hezi 67 na 254, wanauita CTCSS, na ndugu yake wa kidijitali DCS. Redio ya kupokea ukiipa toni inakuwa ngumu, inasikia mawimbi, taa inawaka, lakini spika haifungui mpaka isikie toni ile ile. Hakikisha kwa kushikilia kitufe cha moni pembeni, kile kinachofungua spika kwa nguvu, mwenzako aongee, ukimsikia wakati umeshikilia na ukiachia anapotea basi ni toni hamna mjadala.

Kama una UV-5R, ile Baofeng yenye skrini, toni zinabadilishwa kwenye menyu, namba 11 ni ya kupokea na 13 ni ya kutuma, za DCS ni 10 na 12. Mkiwa mnajaribu zimeni zote nne kwanza, mkisikilizana ndo mrudishe ile ya kutuma, mkimaliza ile ya kupokea. Wale wanaosema "mi nawasikia wao hawanisikii" mara nyingi namba 13 ndo haipo.

Zile ndogo zisizo na skrini, mfano 888S zenye chaneli 16 za kuzungusha, hizo lazima kompyuta. Unahitaji waya wa USB wa pini mbili na programu ya kupangia redio inaitwa CHIRP, ni ya bure. We fundi simu kompyuta unayo. Mambo mawili yatakusumbua, la kwanza kompyuta itakataa kuutambua waya kwa sababu chipu iliyoko ndani ni ya kuigiza, tafuta draiva ya toleo la zamani. La pili, programu itasema redio haijibu, na utaanza kulaani waya, kumbe plagi haijaingia mpaka mwisho. Kandamiza mpaka usikie imeingia kabisa, zingine ile plastiki ya plagi ni nene inagota kwenye bodi ya redio kabla pini hazijafika, inyoe kwa kisu kidogo. Ukifanikiwa kitu cha kwanza kabisa SOMA kilichomo na ukihifadhi pembeni kwa jina la redio hiyo kabla hujaandika chochote. Wanaoletewa redio imekufa kwa programu wengi waliruka hapo.

Redio yangu inaongea Kichina kila nikibonyeza, watoto wanafurahi mi nimechoka. Nimefanya na riseti niliyoambiwa, bado. (Lindi mjini)

UV-5R? Bonyeza menyu, 14, menyu tena, mshale mpaka ENG au OFF, menyu, toka. Na aliyekuambia ufanye riseti namba 40 ukachagua ALL muulize chaneli zako zimeenda wapi.

Sisi ni kikundi cha bodaboda tunasafiri pamoja Mtwara mpaka Masasi, mmoja wetu redio yake inatuma yenyewe, tunasikia upepo tu njia nzima na sisi hatuwezi kuongea.

VOX hiyo, redio inajituma ikisikia sauti, na upepo wa barabarani kwake ni sauti. Kama ni UV-5R, menyu namba 4 weka OFF. Ikiendelea basi kitufe cha waya wa hedifoni kimekwama, chomoa hedifoni uone. Na wekeni kikomo cha kutuma, menyu 9, sekunde 60 inatosha, siku kitufe cha mtu kikikwama tena redio itajikata yenyewe badala ya kuwafungia wote. Kuongea huku unaendesha sishauri, simameni Mnazi Mmoja pale mnywe maji muongee.

Fundi, ndani ya nyumba redio inakoroma, nikitoka uani inatulia. Tumefunga sola mwaka huu. (Mama wa duka, Nachingwea)

Dada umeshajibu mwenyewe hapo mwisho. Kile kiboksi cha kuchajia betri za sola, inveta, taa za LED za bei chee na chaja za simu, vyote vinakata kata umeme kwa kasi kubwa ndani na kukata huko kunatoa kelele ya redio, nyaya zinazotoka kwenye paneli zinageuka antena ya kuirusha. Fanya hivi usiku, washa redio kwa betri yake, isikorome sana isiwe kimya sana, zima kitu kimoja kimoja nyumbani mpaka ikate. Usizime kwa swichi tu, chomoa kabisa. Usishangae mwizi akiwa ni balbu moja ya chooni.

Ukimpata, balbu badilisha. Kama ni kiboksi cha sola, nyaya za paneli zisokote mbili kwa pamoja badala ya kuacha zimetanuka, zifupishe, na weka feraiti, kile kidonge cheusi kinachokuwa kwenye nyaya za kompyuta, uzungushe waya humo mara kadhaa karibu kabisa na kiboksi. Redio yenyewe isogeze. Wengine wanapandisha skwelchi, kile kizuizi cha kelele, mpaka 9 ili isikorome, nyumba inatulia kweli, lakini na mtu wa mbali nae unakuwa umemfungia nje.

Shikamoo baba yangu ni mvuvi Msangamkuu na ndo amenituma niandike. Redio yake iliangukia baharini juzi, akaiokota, akaikausha juani, ikawaka siku mbili, sasa haichaji. Anauliza inatengenezeka? Na anauliza hii redio inafaa kwa baharini? (Binti wa mvuvi)

Marahaba mwanangu, na mzee mpe shikamoo yangu.

Maji ya bahari sio tatizo siku ile, tatizo ni chumvi inayobaki. Maji yakikauka chumvi inakaa pale pale kwenye bodi, usiku inavuta unyevu wa hewa yetu hii ya pwani, umeme wa betri unapita humo na shaba inaanza kuliwa. Ndo maana inawaka siku mbili alafu inakufa. Toa betri umwangalizie yale mabati madogo ya kuchajia, nyuma ya betri na kule kwenye kitako cha chaja. Mwambie aangalie kwenye mwanga. Utaona unga wa kijani, mara nyingi kwenye upande wa chanya umezidi, na chini ya ule unga dhahabu imetoka panaonekana pekundu. Futa kwa kifutio cha penseli, taratibu, mpaka bati ling'ae, alafu pamba yenye spiriti. Kile kipini cha chaja kinachobonyea kibonyeze mara nyingi, kikiwa kigumu chumvi imeingia kwenye springi yake. Nusu ya redio za pwani zinazosemekana betri imekufa huwa zinapona hapo hapo.

Ikigoma na betri yenyewe imevimba hata kidogo, au ilikuwa ndani ya maji muda, hiyo asiichaji tena na asiiweke ndani ya nyumba. Betri za lithiamu zenye chumvi ndani zinaweza kuwaka moto. Aazime betri nyingine ya aina hiyo ajaribu.

Siku ikianguka tena, inaonekana ni kinyume cha akili lakini afanye hivi: atoe betri pale pale kwenye mashua, akifika nchi kavu aioshe redio kwa maji baridi ya kawaida mengi, aifungue kama ana bisibisi, aisuuze kwa spiriti, aiweke kivulini penye upepo siku kadhaa. Jua la mchana linapindua plastiki na kukausha chumvi ndani. Mchele auache upikwe.

Swali la pili. Hapana mzee, hiyo ya mjini sio ya bahari. Inayofaa ni VHF ya baharini yenyewe, inayovumilia maji, wanaandika IP67 yaani mita moja kwa nusu saa, na zingine zinaelea. Kikubwa zaidi hiyo ina chaneli 16, masafa ya 156.8, ambayo meli na vyombo vikubwa duniani kote vinasikiliza kwa ajili ya dharura. Mashua kwa mashua atapata kama zile kilomita 10 za hesabu ya juu, meli kubwa yenye mlingoti mrefu atamfikia mbali zaidi. Kusi likiwakamata nje, anaweka 16, nguvu ya juu, anasimama, anasema MAYDAY mara tatu, jina la chombo mara tatu, yuko wapi, kimetokea nini, wako watu wangapi, anaachia kitufe anasikiliza, anarudia. Mahali ndo aanze kabla ya hadithi, maana betri ikikata katikati angalau wanajua waelekee wapi. Na jaketi la kuokolea, redio haielei na mtu.

Niko Mikindani, usiku mwingine joto likiwa kali na upepo umelala redio inaanza kushika watu wanaongea Kireno, na siku moja kwenye FM nikapata Kifaransa kabisa. Ni redio yangu ina nguvu au? Naweza kuwajibu? Na je hivi kuwa nayo tu ni kosa? (Kijana, Mikindani)

Redio yako ni ya kawaida, ni hewa tu. Kawaida hewa ukipanda juu inapoa. Siku za utulivu pwani inatokea kinyume, hewa ya joto kavu inalala juu ya hewa yenye unyevu iliyogusa bahari, na pale zinapokutana mawimbi yanapindishwa kurudi chini badala ya kupotelea angani, yanafuata uso wa bahari mbali sana kupita zile hesabu zangu. Kireno hakihitaji hata hilo sana, Palma ya Msumbiji haifiki kilomita 100 kutoka Mtwara mjini. Kifaransa hicho naweka Komoro, hiyo ni zaidi ya kilomita 300 juu ya maji, na hiyo ndo hewa imekubeba. Upepo ukianza tu kinakatika. Andika siku, saa na hali ya hewa kwenye daftari, baada ya mwaka utakuwa unajua siku gani ya kukaa na redio.

Kuwajibu hapana. Na hili nawaambia wote walioniuliza leseni, wakiwemo kamati ya harusi ya Masasi. Redio za kutuma ziko chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na anayegawa masafa ni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kifaa kiwe cha aina iliyoidhinishwa na masafa uwe umepewa, haijalishi umenunua dukani wazi wazi na risiti unayo. Redio hizi zinafungua masafa mapana mno, ukizungusha hovyo unaweza ukatua juu ya polisi, zimamoto, bandari. Kampuni au kikundi kinaomba masafa yake. Mtu binafsi anayependa redio kama hobi kuna leseni ya redio ya ridhaa, unapewa jina la kituo, za Tanzania zinaanza na 5H, na unaruhusiwa kwenye masafa ya ridhaa kama 144 mpaka 146. Nenda TCRA uulize fomu na ada ya sasa kabla hujanunua chochote cha maana.

Na we kijana wa Mikindani nakuongezea, tuko mpakani, ng'ambo ya Ruvuma kumekuwa na shida ya usalama tangu 2017. Mtu mwenye redio ya kutuma isiyo na karatasi usiku ufukweni ana maelezo marefu ya kutoa, na askari hana muda wa kusikiliza habari za hewa ya joto.

Mwalimu hapa, sekondari, Ruangwa. Nimesikia kituo cha anga za juu kinasikika kwa redio ya mkononi bila dishi. Kweli au porojo? Nina klabu ya sayansi.

Kweli kabisa mwalimu, na ndo swali nililolipenda kuliko yote, kwa sababu linamaliza ubishi wa wati. Kituo cha kimataifa cha anga, ISS, kiko juu kama kilomita 400, kinazunguka dunia kwa dakika 90 hivi, na njia yake inapanda mpaka latitudo 51.6 kaskazini na kusini kwahiyo Lindi yote inapitiwa. Redio ya ridhaa iliyoko mle haina nguvu za kutisha, lakini katikati yake na wewe hamna kilima wala mkorosho. Unaisikia kwa redio ile ile ambayo Tandahimba inashindwa kilomita tatu.

Weka 145.800, FM, upana wa juu yaani kwa UV-5R menyu 5 WIDE, skwelchi 0 ili usikie hata ikiwa dhaifu, zima toni zote. Pakua programu ya simu inayokuonyesha kituo kinapita saa ngapi, ziko za bure. Chagua mpito unaopanda juu angani zaidi ya nyuzi 40, ile inayopita chini chini pembeni waachie wenye antena kubwa. Kikija kinachukua kama dakika 10 hivi upeo mpaka upeo. Mpeleke mwanafunzi uwanja wa mpira mbali na paa za bati, alaze antena taratibu akiizungusha huku na huku mpaka sauti iwe nzuri, kwa hii redio ndo nakuruhusu ulaze. Kwa sababu kinakuja kwa kasi masafa yanahama kidogo, mwanzoni jaribu 145.805, katikati 145.800, mwishoni 145.795, hapo una somo la fizikia zima la Doppler bila ubao.

Sio kila siku kuna mtu anaongea. Mara nyingine kuna matukio ya kutuma picha, SSTV, redio inatoa milio kama ya faksi na kila picha inachukua kama dakika mbili. Weka kwenye simu programu ya Robot36, isogeze karibu na spika, picha inajichora mstari kwa mstari darasa zima linaona. Picha ikitoka na mistari ya kelele ni pale antena ilipoyumba, waambie wasigombanie redio katikati ya picha. Kuna pia ripita mle ndani, mtambo unaopokea sauti na kuirusha tena, unaisikia 437.800, hapo watu wa nchi mbalimbali wanaitana kwa sekunde chache chache. Sikilizeni tu, kitufe cha kuongea weka gundi ya karatasi juu yake mpaka klabu ipate leseni, na ulizia hiyo leseni mapema TCRA maana kuna mpango wa ARISS unaounganisha shule na wanaanga waongee moja kwa moja, shule inaomba.

Ratiba zao wanaandika kwa UTC, saa ya kimataifa, ongeza masaa matatu alafu geuza kwa saa zetu. Wakiandika 16:20 ni saa moja na dakika ishirini usiku, wanafunzi wawe wameshakula, na betri chaji mchana maana zile za shule nazijua.